Nusu ya Udongo ni Nafasi: Jinsi Udongo Unavyotokea na Vitu Vinavyouunda

Ndugu wasikilizaji,

Chukueni donge la udongo mzuri wa juu, ule unaomeguka kwa kidole gumba bila kulazimishwa. Ukiuliza limeundwa na nini, wengi watajibu: mchanga, mfinyanzi na mboji kidogo. Jibu hilo linaeleza nusu tu ya donge. Kwa ujazo, karibu asilimia 45 ni chembe za madini zilizotokana na mwamba, na asilimia 5 au pungufu ni mabaki ya viumbe. Nusu nzima iliyobaki ni matundu. Udongo unapokuwa na unyevu unaoufaa mmea, maji na hewa hugawana matundu hayo karibu sawa kwa sawa, asilimia 25 kwa 25. Mvua ikizidi, maji huifukuza hewa. Jua likiwaka, hewa hurudi.

Tunaanza na matundu kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote. Watu hupima virutubisho, hununua mbolea, hubishana kuhusu rangi ya udongo, lakini hawaulizi udongo wao una nafasi kiasi gani. Na safari yote ndefu kutoka mwamba hadi shamba ni kazi ya kutengeneza vitu viwili: nyuso za kushika virutubisho, na nafasi za kupitisha maji, hewa na mizizi. Mengi tutakayosema leo yanarudi kwenye mambo hayo mawili.

Mwamba mzima una vyote viwili kwa uchache sana. Jua la mchana huupasha uso wa jiwe, usiku ukaupoza, na kwa kuwa madini yaliyomo hutanuka kwa viwango tofauti, nyufa ndogo huanza. Maji yakiingia kwenye ufa na kuganda, hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuusukuma zaidi. Chumvi inayokaukia ndani ya nyufa hufanya kazi hiyohiyo katika nchi kavu, na mizizi huifanya popote inapofika. Hatua hii haigeuzi jiwe kuwa kitu kingine, ila inaongeza nyuso. Mchemraba wa jiwe wenye upande wa sentimita 1 una nyuso zenye jumla ya sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe vijichemraba vya milimita 1, utapata 1,000, na jumla ya nyuso zao ni sentimita 60 za mraba. Jiwe ni lilelile, ila mahali pa kushambuliwa pameongezeka mara kumi.

Hapo ndipo kemia inapoingia. Maji ya mvua yanayeyusha gesi ya kaboni dayoksaidi na kuwa asidi hafifu. Yakizama ardhini huzidi ukali, kwa sababu mizizi na vijiumbe vinapumua humo, na hewa ya udongoni mara nyingi huwa na gesi hiyo mara kumi hadi mia kuliko hewa ya nje. Asidi hiyo huishambulia feldispa, kundi la madini lililo jingi kuliko mengine yote katika ganda la dunia. Potasiamu, sodiamu na kalsiamu hutoka na maji, sehemu ya silika huyeyuka, na kinachobaki hujipanga upya kuwa madini mapya kabisa. Madini hayo mapya ndiyo mfinyanzi.

Tafadhali lishikeni hili, maana hukosewa hata vitabuni: mfinyanzi si mchanga uliosagwa sana. Saga kwatzi, yale madini magumu yanayounda sehemu kubwa ya mchanga, mpaka iwe vumbi lisiloonekana kwa macho, bado haitashika virutubisho kama mfinyanzi unavyoshika. Kwatzi haikubali kirahisi kushambuliwa na asidi hiyo, na ndiyo sababu hubaki nyuma kama mchanga wakati majirani zake wameshageuka. Chuma kilichokuwa ndani ya madini meusi ya mwamba nacho hukutana na oksijeni kikapata kutu. Penye joto na maji yanayopita vizuri, kutu hiyo huwa nyekundu. Penye unyevu zaidi huelekea njano au kahawia. Na maji yakituama mpaka oksijeni ikaisha, chuma huyeyuka na kuondoka, udongo ukabaki wa kijivu. Kwa hiyo rangi nyekundu haithibitishi rutuba. Inathibitisha kwamba hewa inafika.

Mwamba wa chokaa una tabia yake. Wenyewe karibu wote huyeyuka na kwenda na maji. Udongo unaoukuta juu yake umetokana na uchafu kidogo uliokuwa ndani ya chokaa, pamoja na vumbi lililoletwa na upepo. Ndiyo maana udongo huo mara nyingi ni mwembamba, na mpaka wake na mwamba ni wa ghafla, kana kwamba umekatwa kwa kisu.

Mwaka 1883, Mrusi Vasily Dokuchaev, aliyekuwa akichunguza udongo mweusi wa nchi yake, alionyesha kwamba udongo ni kitu chenye maisha na tabaka zake, kinachotokana na mwamba, tabianchi, viumbe, umbo la ardhi na muda vikifanya kazi pamoja. Mwaka 1941 mwanasayansi wa udongo Hans Jenny aliyapanga mambo hayo matano kama mlinganyo mmoja. Faida yake kwa anayesimama shambani ni hii: ukishikilia manne yakiwa sawa, unaweza kuona la tano linafanya nini.

Shikilia mwamba, mvua, mimea na umri. Badilisha mteremko peke yake. Juu ya kilima chenye maji yanayopita, udongo ni mwekundu. Katikati, maji yanapitia ubavuni na udongo mwembamba hushuka polepole. Chini, mfinyanzi na kalsiamu vilivyooshwa kutoka juu hukusanyika, maji yanatuama, na udongo ni mweusi au wa kijivu, mzito, wenye nyufa pana ukikauka. Mpangilio huu unaojirudia kilima hadi kilima ulielezwa na Geoffrey Milne katika miaka ya 1930 alipokuwa akichora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Anayechukua sampuli moja juu na nyingine bondeni, akazichanganya kwenye mfuko mmoja na kuzipeleka maabara, analipia majibu ya udongo ambao haupo popote katika shamba lake.

Kuhusu muda, sentimita 1 ya udongo kutoka mwamba mgumu huchukua mara nyingi miaka mia kadhaa, na mahali pakavu hata elfu na zaidi. Majivu ya volkano na matope ya mto huenda haraka zaidi, kwa kuwa kazi ya kusaga imeshafanyika. Linganisheni na upande wa kupoteza. Milimita 1 ya udongo juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, kama tani 13. Mvua moja kali juu ya ardhi tupu yenye mteremko inaweza kuiondoa, na hakuna jicho linaloona ardhi imeshuka milimita 1.

Sasa chembe zenyewe. Kwa kipimo kinachotumika zaidi katika kilimo, mchanga ni chembe za milimita 2 hadi 0.05, tope laini, lile linalohisi kama unga kati ya vidole, ni kutoka 0.05 hadi 0.002, na mfinyanzi ni chini ya 0.002. Mchanga unatoa matundu makubwa, mfinyanzi unatoa nyuso, na tope laini hushika maji ambayo mmea unaweza kuyapata, lakini ni jepesi kubebwa na mvua kwa kuwa halishikani.

Mfinyanzi wenyewe si wa aina moja, na tofauti hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Umejengwa kwa tabaka nyembamba zilizopangwa kama kurasa za kitabu. Katika kaolini, mfinyanzi wa nchi zenye mvua nyingi na udongo mkongwe, kurasa zimebanana na maji hayaingii kati yake: gramu 1 ina nyuso za mita za mraba 10 hadi 20. Katika smektaiti, mfinyanzi wa udongo mweusi unaopasuka, maji huingia kati ya kurasa, udongo ukavimba, na gramu 1 inaweza kufikisha mita za mraba karibu 800. Nyuso hizi zina chaji hasi, ndiyo maana hushikilia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zisioshwe na mvua. Mashamba mawili yanaweza kupata jibu moja la maabara, “mfinyanzi asilimia 40”, moja likavumilia mbolea ya msimu mzima kwa mkupuo na jingine likaipoteza kwa mvua chache. Kwenye udongo wa kaolini, gawa mbolea mara mbili au tatu, na jua kwamba uwezo mkubwa wa kushika virutubisho umo ndani ya mboji. Ukiipoteza mboji hapo, umepoteza ghala.

Mboji ni nini basi? Ni kile kinachobaki baada ya nyungunyungu, mchwa, kuvu na bakteria kula mabaki ya mimea na ya wao kwa wao, sehemu kubwa ikiwa imegandamana na mfinyanzi. Gramu moja ya udongo wa juu wenye afya inaweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni. Mwaka 1881 Charles Darwin alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza nyungunyungu hupitisha tumboni zaidi ya tani 10 za udongo mkavu kwa ekari kila mwaka.

Viumbe hawa wana hesabu yao, na asiyeijua huadhibiwa. Vijiumbe vinahitaji takriban sehemu 24 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Mabua ya nafaka yana kama 80 kwa 1. Ukiyafukia leo na kupanda kesho, vijiumbe vitachota naitrojeni iliyopo udongoni ili vimalize kazi, na mimea itakuwa ya njano kwa wiki kadhaa ingawa umeweka “mbolea ya asili”. Yachanganye na samadi au majani ya jamii ya kunde, au yafukie wiki nyingi kabla ya kupanda, au yaache juu kama matandazo, ambako huoza polepole bila kunyang’anya mizizi.

Na msitegemee miujiza ya haraka. Hekta moja hadi kina cha sentimita 20 ina udongo wa takriban tani 2,600. Kupandisha mboji kwa asilimia 1 ni kuongeza tani 26 za kitu kilichotulia, wakati mabaki mabichi hupoteza sehemu kubwa ya kaboni yake hewani ndani ya mwaka wa kwanza. Hii ni kazi ya miaka mingi. Kuipoteza kwa kulima mara kwa mara na kuchoma mabua ni kazi ya miaka michache.

Tukirudi kwenye nafasi: chembe hizi zikikaa moja moja, matundu yangekuwa finyu. Udongo unapumua kwa kuwa chembe zimeshikamana kuwa chenga, na kati ya chenga kuna njia pana. Gundi yake ni ute wa bakteria, nyuzi za kuvu, mizizi midogo na mboji. Kalsiamu husaidia kuunganisha mfinyanzi, na sodiamu hufanya kinyume, huutawanya. Ndani ya chenga matundu madogo hushika maji. Nje yake matundu makubwa huyapitisha. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hujaza maji mengi, lakini mengi yake yamo katika matundu madogo mno. Mmea wa kawaida hushindwa kuyavuta yanaposhikiliwa kwa nguvu ya angahewa 15 hivi, yaani kama mara 15 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, kwa hiyo unaweza kunyauka juu ya udongo ambao bado una maji.

Upo ushauri unaosambaa sana kwamba udongo mzito unatibiwa kwa mchanga. Tunaupinga. Ili kuteremsha mfinyanzi kutoka asilimia 40 hadi 20 katika sentimita 20 za juu, utahitaji mchanga wenye uzito sawa na udongo uliopo, yaani tani 2,600 kwa hekta. Ukiweka kidogo, chembe za mchanga huzama ndani ya mfinyanzi na mchanganyiko hugandamana kuliko mwanzo. Kinachofungua mfinyanzi ni chenga, na chenga hutengenezwa na mboji, mizizi na kutokanyagwa ukiwa umelowa.

Hayo yote mnaweza kuyapima wenyewe kwa vifaa vya kawaida.

Kwanza, chupa. Tafuta chupa ya kioo ya lita 1, yenye mdomo mpana na kuta zilizonyooka. Kausha udongo, uponde, uchekeche kuondoa mawe na mizizi. Jaza theluthi moja, ongeza kijiko cha chai cha sabuni ya unga, kisha maji mpaka karibu na mfuniko. Tikisa kwa nguvu dakika 10, weka mahali patulivu. Baada ya dakika 1 weka alama: hapo ni mchanga. Baada ya saa 2 weka alama ya pili: juu ya mchanga ni tope laini. Baada ya siku moja au mbili, maji yakitakata, weka ya tatu. Kama jumla ni milimita 80, mchanga 40, tope laini 24 na mfinyanzi 16, una asilimia 50, 30 na 20, na huo ni tifutifu. Kosa la kawaida ni kutikisa kidogo: chenga zisizovunjika huanguka pamoja na mchanga, ukadhani una kichanga. Kosa la pili ni kutojua kwamba tabaka la mfinyanzi limevimba kwa maji, hivyo kipimo chake huzidi kidogo. Usitumie chumvi badala ya sabuni; chumvi huushikamanisha mfinyanzi na kuuangusha mapema.

Pili, weka chenga kavu ya ukubwa wa punje ya mahindi kwenye sahani yenye maji safi ya mvua, usiiguse kwa saa 2. Ikibaki nzima, vizuri. Ikiporomoka na kuwa rundo la vipande lakini maji yakabaki safi, gundi ni haba. Ongeza mboji, punguza kulima. Ikizungukwa na wingu la maziwa, mfinyanzi unatawanyika, na mara nyingi sababu ni sodiamu. Hapo jasi husaidia, kwa kuwa kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, mradi maji yapate njia ya kuiondoa sodiamu hiyo chini. Bila njia hiyo, jasi inapotea bure.

Tatu, pima nafasi yenyewe. Kata kopo juu na chini ubaki na pete ya kipenyo cha sentimita 8 na kimo cha 10. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 503. Lididimize taratibu kwa ubao juu yake, lichimbue kwa nje, sawazisha pande zote mbili kwa kisu, kausha udongo wake kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24, upime. Ukipata gramu 654, uzito kwa sentimita ya ujazo ni gramu 1.30. Chembe za madini zenyewe ni kama 2.65; gawa 1.30 kwa 2.65, toa kwenye 1, unapata nafasi ya asilimia 51. Ukipata gramu 805, ni 1.60, na nafasi imeshuka hadi asilimia 40. Kwenye mfinyanzi, hapo mizizi inahangaika. Matundu yaliyopotea karibu daima ni yale makubwa, yale ya hewa. Usiligonge kopo kwa nyundo kwa nguvu, utakuwa umeugandamiza udongo unaotaka kuupima.

Kabla ya kuingiza jembe au trekta, chukua udongo wa kina utakachofikia, uuviringishe kati ya viganja. Ukitengeneza uzi wa unene wa milimita 3 bila kukatika, subiri. Ukiulima siku hiyo utausugua na kuufunga, hasa chini ya kina cha jembe, ambako sakafu ngumu hujengeka msimu kwa msimu.

Mwisho, chimbeni shimo. Hakuna maabara inayochukua nafasi yake. Urefu wa mita 1 na kina cha mita 1 vinatosha mashamba mengi. Kwenye kichanga msizidi kina cha kiuno, kwa kuwa ukuta unaweza kuporomoka. Uelekezeni ukuta mmoja kwenye jua, kisha ukwanguliwe kwa kisu kutoka juu kwenda chini ili alama za jembe zitoke. Juu kabisa mtaona majani yanayooza, tabaka O, kama halijafyekwa. Linafuata A, jeusi zaidi, lenye chenga na mizizi. Mahali pengine pana E, iliyopauka kwa kuoshwa. B ndiko mfinyanzi na chuma vilikotua, na huwa na rangi kali na mabonge. C ni mwamba uliolegea ambao bado unaonyesha sura ya mwamba, na R ni mwamba wenyewe.

Fuateni mizizi kwa kidole. Mahali inapokunja na kwenda ubavuni ndipo nafasi ilipoisha. Pimeni ni sentimita ngapi kutoka juu. Tazameni mabaka ya kutu na kijivu: yanaonyesha maji yanafika kimo gani msimu wa mvua, hata mkichimba kiangazi. Pimeni unene wa A katika mashimo ya juu, katikati na chini ya mteremko. Tofauti yake inawaeleza udongo umekuwa ukihama kutoka wapi kwenda wapi.

Mnapochimba, wekeni A rundo moja na B rundo jingine, mbalimbali. Mkimaliza, rudisheni B kwanza, mkikanyaga kidogo kidogo kila sentimita 20 ili shimo lisititie, kisha A juu yake bila kukanyaga. Ikigeuzwa, mfinyanzi wa B utabaki juu, utafunga kwa mvua ya kwanza, na mahali hapo pataonekana kwa mimea iliyodumaa kwa miaka.